X-Trail yangu na boksi la fyuzi lenye bodi ndani: shajara ya wiki sita

6 Aprili

Naanza kuandika kwa sababu nimechoka kusimulia. Kila anayeuliza gari lina nini namwanzia mwanzo, na kila nikisimulia kuna kitu nasahau.

Gari ni Nissan X-Trail T31 ya 2008, injini MR20DE ya petroli, lita 2.0, lililoshuka Dar kutoka Japani kama wenzake wengi. Huu ni mwaka wa nne niko nalo. Wiki tatu zilizopita nililipeleka kuoshwa. Vijana wakafungua boneti, wakapiga maji ya presha kila kona, mimi nimekaa kivulini na soda yangu. Injini ikang'aa, nikaongeza na buku la asante.

Kesho yake alfajiri nafungua swichi: taa kubwa zinawaka zenyewe, feni ya rejeta inavuma kama jenereta, starta haitikisiki. Nikazima, nikasubiri, nikarudia. Mara ya nne likawaka kama vile hakuna kilichotokea. Tangu hapo ni bahati nasibu. Siku ya jua kali linawaka mara moja. Siku ya unyevu naweza kukaa dakika ishirini nalibembeleza.

Fundi wa kwanza alichomeka mashine, ikasoma kosa U1000, akasema kontroli boksi ya injini, yaani kompyuta yake, imekufa. Laki nane na nusu, pamoja na kuilinganisha na funguo. Nikamwambia nitarudi. Uongo ulikuwa wa adabu.

9 Aprili

Usiku wa leo nimesoma mwongozo wa karakana wa T31 mpaka chai ikapoa. Faida yake kubwa ni kujua kuwa boksi la fyuzi la gari hili si boksi.

Kwenye Toyota za zamani ni boksi kweli: fyuzi, rilei (swichi zinazofungwa kwa umeme), waya, basi. Rilei ikichoka unaichomoa kwa vidole, unaweka nyingine. Kwenye X-Trail, kile kipande kilicho pembeni ya betri kina bodi ya saketi tumboni. Nissan wanakiita IPDM E/R, yaani kigawa umeme chenye akili, cha chumba cha injini. Fyuzi ziko juu, unaziona. Rilei nyingi zimechomelewa kwenye bodi huko ndani, huzioni wala huzichomoi. Wenye Mercedes wana ndugu yake anaitwa SAM, na wenye Peugeot wana BSM. Ugonjwa ni ule ule: ikifa rilei moja, unabadilisha mzigo mzima.

Kinachohudumiwa na kipande hiki ni kingi kuliko nilivyodhani. Taa kubwa, taa ndogo, taa za ukungu, waipa za mbele, kompresa ya AC, feni, pampu ya mafuta, starta, na ile rilei inayoipa umeme kontroli boksi ya injini yenyewe. Na swichi ya taa ninayoizungusha kwenye usukani haipeleki umeme popote. Inatoa habari tu. Habari inafika kwa BCM, moduli nyingine iliyo ndani ya kabini, nayo BCM inaituma kwenye waya mbili za CAN, mtandao ambao moduli za gari huongelea, na IPDM ikiipata ndipo inawasha taa. Swichi ni kama mwenye nyumba: anaagiza chakula, jikoni haingii.

Sasa hapa ndipo nilipoweka kikombe chini. Mwongozo unasema IPDM isiposikia chochote kwenye CAN haikai ikisubiri. Inahofia mabaya: huenda ni usiku, washa taa, huenda injini inachemka, zungusha feni kwa kasi ya juu, AC zima. Yaani ule wazimu wangu wa kila alfajiri ni tabia iliyopangwa. IPDM iko hai, ina umeme, ila haisikii wenzake.

Na U1000 maana yake ni mawasiliano ya CAN yamekatika. Haisemi nani kayakata.

13 Aprili

Siku ya vipimo. Nimemwomba Mzee jirani aje asimame pembeni. Ni fundi umeme wa magari aliyestaafu, macho yamepungua nguvu lakini kichwa bado kinachapa kazi. Nikampa shikamoo, akajibu marahaba, akaniuliza umekuja na mita au na maneno.

Kwa mwenye gari kama langu, kipimo chenyewe hakihitaji mashine ya gharama. Mita ya shilingi elfu ishirini na tano inatosha. Unafungua waya hasi wa betri kwanza, unasubiri dakika chache, kisha unapima omu kati ya pini namba 6 na namba 14 kwenye soketi ya kupimia gari, ile iliyo chini ya dashibodi upande wa dereva. Waya za CAN zinafungwa ncha mbili kwa vizuizi vya omu 120 kila kimoja. Kwa Nissan hii kimoja kimo ndani ya kontroli boksi ya injini na kingine ndani ya IPDM. Vikiwa vyote kazini unasoma kama 60, kwa sababu viko sambamba.

Nilisoma 119.

Mzee akacheka kidogo. "Mmoja hayupo nyumbani, mwanangu. Sasa tafuta nani."

Nikafungua soketi ya IPDM yenye waya wa bluu na wa pinki, ndizo za CAN. Nikarudi kupima chini ya dashibodi: 119 bado. Hapo nimeondoa IPDM kabisa na namba haikubadilika, maana yake IPDM haikuwa ikihesabiwa tangu mwanzo. Kama mgonjwa angekuwa kontroli boksi ya injini, kuchomoa IPDM kungeacha mita bila kitu. Laki nane na nusu zikarudi mfukoni hapo hapo, ingawa hazikuwa zimetoka.

Mzee hakuridhika. Akasema inawezekana IPDM ni nzima, waya ndio umekatwa njiani na panya. Panya wa Tabata nawajua, sikubisha. Tukapima kwenye soketi yenyewe, upande wa waya, bluu kwa pinki: 119. Kwa hiyo waya zinafika zikiwa salama, zinaleta kizuizi cha upande wa injini mpaka hapo. Tukapima upande wa pili, kwenye pini za IPDM. Mara OL, yaani njia imekatika, mara kilo-omu tatu, mara OL tena. Pini mbili zina ukijani chini yake kama sarafu iliyosahaulika kisimani.

Tulirudisha kila kitu. Gari likawaka jaribio la kwanza tu. Kejeli.

14 Aprili

Mvua kutwa. Daladala.

19 Aprili

Nimeitoa IPDM na kuifungua mezani. Klipu za plastiki za miaka kumi na kitu zina hasira; moja imekatika, nitaihitaji baadaye.

Bodi upande wa juu ni safi. Upande wa soketi, maji yalikaa. Mfuniko wa boksi hauna klipu moja ya nyuma, na wakati wa kuosha presha iliingia chini kwa chini, ikatulia pale ambapo jua halifiki. Lehemu ya pini tano imeliwa, na pini ya waya wa pinki inacheza kabisa. Chini ya rilei mbili kuna utando wa kahawia ambao sikuupenda, lakini nikajiambia haunihusu kwa sasa. Naandika hivyo kwa makusudi, ili nisome baadaye.

Nilisafisha kwa alkoholi na mswaki wa zamani, nikaianika juani kwa muda wa saa mbili, nikachomea upya pini zote tano. Kichomeo cha wati 60 ni kikubwa kwa kazi hii, lakini ndicho nilicho nacho. Mita kwenye pini za CAN: 121. Nikairudisha, chini ya dashibodi nikasoma 60.2. Gari limewaka mara kumi mfululizo. Taa zinanyamaza mpaka nizitake. Mama watoto akasema sasa unaweza kuja kula.

28 Aprili

Siku tisa tu.

Saa moja usiku, mvua, barabara ya Mandela, gari limezima likiwa kwenye mwendo. Halikukohoa wala kupungua nguvu, limezimika kama taa ya nyumbani. Starta inazungusha vizuri, taa zinatii, ila injini haishiki. Nilivutwa kwa kamba na Noah ya jamaa ambaye hata jina hakutaja, alitaka hela ya mafuta tu. Mungu ambariki.

Nyumbani, kwa tochi mdomoni: umeme unaingia kwenye IPDM kutoka betri, volti 12.4. Kwenye fyuzi ya kontroli boksi ya injini, swichi ikiwa wazi, hakuna kitu, sifuri pande zote mbili. Rilei ya humo ndani haifungi. Ule utando wa kahawia niliosema haunihusu.

Rilei ya kazi hii ina historia. Oktoba 2010 Nissan iliita magari zaidi ya milioni 2 duniani, Pathfinder na Armada yakiwemo, kwa sababu ya rilei iliyoweza kuota oksidi kwenye nyuso zake na kuzima injini. Langu limeliwa na maji ya kuoshea, kisa kingine, lakini dalili inafanana kiasi cha kukutisha: inazungusha, haishiki.

Ningeweza kuchomea rilei nyingine. Mzee amenikataza. Amesema bodi ikishaonja maji unafukuza kutu pembe hii inahamia ile, na safari ijayo huenda nisiwe Mandela, niwe Kitonga nateremka na familia. Nimekubali. Tunabadilisha.

3 Mei

Ilala, kwenye spea za mtumba. Nilitembea na ile ya zamani ndani ya mfuko wa rambo, na kila duka nikiitoa mezani wanasema ipo, kabla hata ya kuiangalia.

Namba imebandikwa ubavuni. Zote zinaanza na 284B7, hiyo inasema tu kwamba hii ni IPDM. Herufi na tarakimu tano za baada ya kistari ndizo zinazosema ni IPDM ya gari la aina gani: petroli au dizeli, lina taa za ukungu au halina. Umbo ni lile lile, soketi zinaingia, na hapo ndipo watu wanapoumia. Duka la nne walikuwa na yenye 284B7 sawa na yangu na mwisho wake tofauti. Muuzaji, kijana mcheshi sana, aliniapia kuwa namba ni za mwaka tu. "Bosi, nimeziuza hizi kumi. Chukua, siku tatu ukiona haifai rudisha." Laki moja na thelathini. Nikataka kukataa, nikakumbuka daladala, nikachukua.

4 Mei

Kuibadilisha ni kazi ya nusu saa, robo tatu ukiwa mwoga kama mimi. Betri hasi kwanza, kisha chanya, kisha betri yenyewe nje ili mkono upate nafasi. Waya mnene unaotoka chanya ya betri umefungwa kwa nati. Huo usiuguse kwa spana wakati waya hasi bado umefungwa, maana spana ikigusa bodi ya gari utaona radi mchana. Nilipiga picha kila soketi kabla ya kuichomoa. Hakuna soketi mbili zinazofanana, kwa hiyo picha zilikuwa za kunituliza moyo tu.

Funguo hazihusiki. Siri za funguo ziko BCM na kwenye kontroli boksi ya injini, IPDM haibebi chochote cha hivyo. Hakuna kuprogramu. Unafunga, unawasha.

Liliwaka. Omu 60.4. Nikataka kushangilia, Mzee akasema fanya ule mtihani wake kwanza.

Mtihani wenyewe uko ndani ya gari, hauhitaji mashine yoyote, na nashangaa ni mafundi wangapi hawaujui. Unafunga boneti, unanyanyua waipa zisikwaruze kioo kikavu. Swichi unaizima, unaifungua, na ndani ya sekunde 20 unabonyeza ile swichi ya mlango wa dereva, kitufe kinachowasha taa ya ndani, mara kumi. Unazima swichi, ndani ya sekunde 10 unaifungua tena. Honi inalia mara moja na taa ya oili kwenye dashibodi inaanza kupepesa. Kuanzia hapo gari linajiendesha lenyewe: waipa polepole kisha kasi, taa ndogo na za ukungu sekunde kumi, taa kubwa, fulu zikiwaka na kuzima mara tano, kompresa ya AC inagonga mara tano, halafu feni. Linarudia mzunguko mzima mara tatu. Mtoto wa jirani alidhani gari limepandwa na kitu, akakimbia kwa mama yake.

Kila kitu kilijibu isipokuwa taa za ukungu. Mizunguko mitatu, giza. Balbu ni nzima, nilizipelekea umeme moja kwa moja kutoka betri zikawaka. Nikaichomoa soketi yake na kuchungulia kwa tochi: kwenye IPDM hii mahali pa pini ya taa za ukungu ni tundu tupu. Namba za mwaka tu!

5 Mei

Nimerudi Ilala siku ya pili, ndani ya siku tatu. Kijana hakubisha, hilo nampa. Alijaribu kuniambia taa za ukungu Dar hazina kazi. Nikamwambia ni kweli, ila mimi nimelipia. Hana yenye namba yangu kamili. Akapiga simu, akasema njoo Jumamosi.

10 Mei

Namba zote kumi zinafanana, tarakimu kwa tarakimu. Imetoka kwenye gari lililokatwa nusu huko huko Japani, stika ya mnada bado iko juu yake. Niliongeza elfu ishirini. Kabla ya kutoa hela nilifanya nisichofanya mara ya kwanza: niliinusa. Bodi iliyoungua inanuka, hata baada ya mwaka. Kisha mita kwenye pini za CAN pale pale kaunta, 120. Muuzaji akaniuliza kama mimi ni fundi. Nikasema hapana, ni mteja aliyeumwa na nyoka.

Imeingia. Mtihani wa honi: kila kitu, na taa za ukungu ndani yake. Mashine ndogo ya bluetooth haisomi U1000 tena baada ya kufuta.

Mambo mawili ya baada, ambayo yangenitisha kama nisingeyajua. Kwanza, kioo cha dereva kiligoma kupanda chenyewe kwa mguso mmoja. Ni kwa sababu betri ilitoka. Unakipandisha mpaka mwisho na kuendelea kushikilia swichi sekunde chache, kinakumbuka. Pili, sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, ilikuwa inapanda na kushuka gari likiwa limesimama. Injini hizi za Nissan zenye koo la hewa linaloendeshwa kwa umeme zinajifunza upya kiasi cha hewa, na kuna mchezo wa kubonyeza pedeli kwa kuhesabu sekunde ili kuifundisha. Nilikosea hesabu mara nne. Ya tano taa ya injini ikapepesa kama inavyotakiwa, na mzunguko ukatulia kwenye 650 hivi kwa dakika.

11 Mei

Tundu la maji. Moduli mpya kwenye boksi linalovuja ni kutupa hela. Nilikata kipande cha raba ya mlango wa friji, nikakigandisha kwenye ukingo wa mfuniko, na ile klipu iliyovunjika Aprili nikaifidia kwa kamba za plastiki mbili. Haipendezi. Nikamwaga maji jagi zima juu yake, nikafungua: kavu.

18 Mei

Kipimo cha mwisho nilichokuwa nakiogopa: umeme unaonyonywa gari likiwa limelala. IPDM mgonjwa inaweza kukataa kulala na kuua betri polepole. Mita kwenye ampea, kati ya waya hasi na betri, milango yote imefungwa, dakika ishirini za kusubiri. Ilianza juu, ikateremka kwa hatua, ikatulia miliampea 28. Mzee amesema chini ya 50 nilale.

Hesabu, kwa anayetaka: IPDM laki na nusu baada ya nyongeza, Noah elfu thelathini, lehemu na alkoholi elfu nane, raba bure. Mzee alikataa hela, akachukua kilo mbili za sukari.

Ile ya zamani iko juu ya kabati. Rilei zake tatu bado zinafunga vizuri, kijana anayetengeneza redio kituoni ameziomba, nitampelekea kesho. Leo jioni nimepita pale pale pa kuoshea. Wakaniuliza, tukupigie na injini, mkubwa? Nikashuka, nikasimama mbele ya boneti mpaka walipomaliza matairi.